Muulize Kocha: Goli Moja, Watatu kwa Watatu

Mwezi huu barua nyingi zimenijia kwa jambo moja: kikapu cha nusu uwanja. Nimefurahi, maana huo ndio mpira ulionilea. Kiwanja ninachofundishia hapa Temeke kilikuwa na magoli mawili. Nguzo ya pili iling'olewa kupisha ukuta, na kwa miaka kumi na minne sasa watoto wangu wote wamejifunzia kwenye hilo goli lililobaki. Haya ninayojibu nayaona kila siku kuanzia saa kumi jioni mpaka giza linapotufukuza.

Shikamoo Kocha. Jumapili tulikuwa 10 kwa 10, tunacheza mpaka 11. Mpinzani akashuti, mpira haukugusa hata pete. Nikaudaka hapohapo chini ya goli, nikafunga. Wenzake wakakataa, eti sikuurudisha nje. Mtaani kwetu mpira usiogusa pete haurudishwi. Nani alikuwa na haki? — Kijana, Tabata

Marahaba mwanangu. Kwa kanuni za tatu kwa tatu za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kikapu chako hakihesabiki. Wewe ulikuwa unazuia. Anayezuia akishaupata mpira, iwe kwa ribaundi (kuudaka mpira uliokosa goli), kwa kupora au kwa bloki (kulizuia shuti kwa mkono), lazima autoe nje ya mstari wa tatu, ule upinde mkubwa wa kushutia mbali, kwa kudunda au kwa pasi, ndipo atafute goli. Mpira uwe umegonga pete, umegonga ubao au umepita hewani, hakuna tofauti. Walioshuti ndio wenye ruhusa: wakiudaka wenyewe wanaendelea kufunga bila kurudi popote.

Na nje maana yake nje. Mguu hata mmoja ukiwa ndani, au umekanyaga mstari, bado hujatoka. Mimi nikichezesha huwa siangalii mpira wakati huo, naangalia viatu. Kiwanja chetu kina vumbi, na mara nyingi alama ya soli inabaki juu ya chaki: nusu ya kisigino kwenye mstari, nusu nje. Kijana anageuka kwa kasi anashuti, wenzake wanashangilia, nami nanyoosha kidole kwenye ile alama.

Lakini sitaki uidharau desturi ya mtaani kwenu. Ina akili ndani yake, na nimeikuta viwanja vingi. Wazee walioianzisha waliona kwamba mpira usiogusa hata pete ni sawa na pasi mbovu, na mwenye pasi mbovu anastahili kuadhibiwa papo hapo. Mimi siifuati, na nitakuambia kwa nini.

Kwenye goli moja, kurudisha mpira ndiyo sheria inayoufanya mchezo uwe mchezo. Iondoe uone: watu sita wanabanana chini ya pete, mpira unaruka, mrefu anaudaka anaurudisha juu, unaruka tena, mrefu mwingine anaudaka. Hakuna pasi, hakuna kukata njia, hakuna kumtafuta mwenzako. Mfupi anakaa pembeni anatazama. Ukiweka sharti la kutoka nje, ghafla yule mfupi ana kazi. Anakimbilia kwenye mstari, anapokea, sasa goli liko mbele yake na kila mtu amelazimika kujipanga upya. Nina mtoto wa darasa la sita ambaye kichwa chake kinafika kifuani mwa wenzake, na timu zote zinamgombania kwa sababu anajua wapi pa kusimama mpira unapotoka. Kila mwanya unaoruhusu mpira usirudi, hata huo wa kutogusa pete, unampunguzia mtoto kama huyo nafasi. Ndiyo maana naukataa.

Kuhusu Jumapili yenu: kama pande zote mbili mlikuwa mnaijua desturi hiyo, kikapu ni chako. Kama wale walikuwa wageni na hamkuwaambia, mpira ulipaswa kurudi kwao kwa cheki, yaani anayezuia anamkabidhi anayeshambulia mpira nje ya mstari wa tatu, na mchezo kuendelea. Kwangu hatuanzi kabla nahodha hajataja kwa sauti mambo manne: mpira usiogusa pete unarudi au haurudi, aliyefungwa anapata mpira au aliyefunga anabaki nao, tunafika ngapi, na faulo anaita nani. Haichukui hata nusu dakika.

Kocha, huku kwetu anayefunga anabaki na mpira. Wiki iliyopita tumefungwa 11 kwa 0 na mpira tumeugusa mara mbili tu. Hii ni haki kweli? Halafu sisi tunahesabu pointi 2 na 3 kama uwanja mzima, wengine wanahesabu 1 na 2. Ipi sahihi? — Msomaji, Mwanza

Pole kwa kipigo. Aliyefunga kubaki na mpira ni sheria ya mitaani tu, na inapendwa Marekani kama inavyopendwa kwetu. Kwenye tatu kwa tatu rasmi haipo. Huko, mpira ukishapita nyavuni, timu iliyofungwa inauokota chini ya goli, ndani ya uwanja wala si nyuma ya mstari wa mwisho, inaudunda au kuupasi mpaka nje ya mstari wa tatu, na mchezo unaendelea bila kusimama. Waliofunga hawaruhusiwi kuugombania ule mpira ndani ya nusu duara dogo lililo chini ya pete. Wachezaji wengi wa mtaani wakijaribu mara ya kwanza wanachoka baada ya dakika tatu, kwa sababu wamezoea kupumua kila kikapu kinapoingia.

Naona faida moja ya desturi yenu: inakulazimisha kuzuia. Usipozuia, huugusi mpira mpaka unaenda nyumbani. Kwa watu wazima wanaolingana uwezo ninaikubali. Kwa wanaojifunza, hapana kabisa. Mtoto hajifunzi kushuti kwa kutazama wenzake wakishuti, na 11 kwa 0 yenu ndiyo hiyo.

Pointi: rasmi ni 1 ndani ya mstari na 2 nje yake, na mtupo huru, ule wa adhabu ya faulo, ni 1. Watu wanadhani ni hesabu ileile iliyopunguzwa. Siyo. Chukua mchezaji anayeingiza mipira 3 kati ya 10 kutoka mbali. Kwenye uwanja mzima anapata pointi 9, na anayefunga chini ya goli anahitaji kuingiza 5 kati ya 10 ili ampite. Kwenye 1 na 2, mshutaji yuleyule anapata 6, na wa chini ya goli anatakiwa kuingiza 6 kati ya 10 ili wawe sawa tu. Mpira wa mbali ni mara mbili ya ule wa karibu, si mara moja na nusu. Kwa hiyo kwenye hesabu ya 1 na 2 ukimwachia mshutaji nafasi ya hatua mbili umekwisha, na mzuiaji anayejua hilo anasimama tofauti, juu zaidi, mkono umenyooka. Mimi nawashauri mhamie 1 na 2, kisha mfike 11 au 15. Kama mna saa, chezeni kama FIBA: dakika 10, na anayefika 21 kabla dakika hazijaisha ameshinda palepale.

Shikamoo Kocha. Shule yetu ina goli moja na sakafu ya saruji isiyo na mstari hata mmoja. Mwalimu wa michezo ametupa chaki na akasema tuchore wenyewe. Tuanzie wapi? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Mwalimu wenu amewapa kazi nzuri sana. Tafuteni uzi, jiwe dogo, kamba isiyovutika, na tepu ya fundi ya kupimia.

Kwanza pimeni pete. Ukingo wake wa juu uwe mita 3.05 kutoka chini. Kama imeshuka upande mmoja, na nyingi zimeshuka kwa sababu ya watu kuning'inia, mwiteni fundi wa kuchomea kabla hamjachora chochote.

Kisha mmoja apande ngazi, afunge nyuzi mbili zikatane msalaba katikati ya pete, na pale zinapokutana ashushe uzi wa tatu wenye jiwe, kama fundi muashi anavyotumia timazi. Subirini jiwe litulie. Upepo wa Dodoma utawasumbua, fanyeni asubuhi. Jiwe linapoelekea chini, wekeni alama. Hiyo ndiyo nukta mama, na kila kitu kinapimwa kutoka hapo.

Kutoka kwenye nukta rudini nyuma kuelekea nguzo mita 1 na sentimita 57 na nusu: hapo ndipo ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho. Ubao wenyewe unatakiwa uwe umeingia uwanjani mita 1.2 kutoka mstari huo. Kama nguzo yenu imejengwa karibu zaidi, msihangaike, ifuateni nukta na muiache nguzo. Mstari wa mitupo huru uko mita 5.8 kutoka mstari wa mwisho. Uwanja wote ni upana wa mita 15 na urefu wa mita 11.

Sasa mstari wa tatu, ambao hapa unatoa pointi 2 lakini jina halijabadilika. Mmoja ashike ncha ya kamba kwenye nukta, mwingine ashike kwenye mita 6.75 na chaki, azunguke kamba ikiwa imekazwa. Hapo mmechora ukingo wa nje. Mistari yote ina unene wa sentimita 5, na unene huo uko ndani ya zile 6.75. Ukifika pembeni usiendelee na duara mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu kamba itakupeleka karibu mno na mstari wa pembeni. Ukifika sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni, nyoosha, shuka moja kwa moja. Ndiyo maana kwenye kona umbali ni mita 6.6, na ndiyo maana washutaji wanaipenda kona.

Kama sakafu yenu haifiki mita 15, msifupishe kamba. Kiwanja changu kina upana wa mita 12 tu. Nilishauriwa nipunguze upinde ulingane na upana, nikakataa. Nimebakiza mita 6.75 mbele ya goli na kuinyoosha mapema pembeni, ili mtoto akienda kucheza kwingine mkono wake uwe unaujua umbali wa kweli. Chaki itafutika kwa mvua ya kwanza. Mkishahakikisha vipimo, ombeni rangi ya barabarani.

Dada Kocha, habari za kazi. Binti yangu wa miaka 14 anapenda kikapu, lakini kiwanja cha hapa kina goli moja na utaratibu ni anayeshinda anabaki. Vijana wa kiume wakishaingia saa kumi hawatoki. Yeye na wenzake wanakaa ukutani mpaka magharibi wanarudi nyumbani. Nifanye nini? — Mama, Morogoro

Nzuri dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ukuta huo nimeukalia mimi mwenyewe.

Anayeshinda anabaki ni utaratibu mzuri kwa watu wa uwezo mmoja. Kwenye goli moja lenye watu wa kila namna, unageuka kuwa umiliki. Timu ile ile inakaa masaa mawili, na wanaoanza hawapati hata mechi moja. Dawa yake si kuwafukuza vijana. Dawa ni saa. Mechi iwe dakika 10 au pointi 11, kinachotangulia. Timu ikishinda mara mbili mfululizo inatoka hata kama haijafungwa. Na foleni iandikwe chini kwa chaki, kila timu jina lake, wasichana wakiandika kama wengine. Nimeona vijana wakorofi wakiheshimu foleni iliyoandikwa kuliko maneno ya mtu mzima.

Zaidi ya hapo, ombeni siku mbili kwa wiki ziwe za wasichana tu, saa nzima, na mtu mzima awepo. Nenda wewe, dada. Huhitaji kujua kikapu, kaa na kitambaa chako na saa yako.

Na mwambie binti kwamba mchezo huu umetengenezwa na yeye akiwemo. Kwenye tatu kwa tatu wanaume na wanawake wanatumia mpira mmoja: ukubwa wa namba 6, ambao mikono ya wasichana imeuzoea, wenye uzito wa namba 7. Olimpiki ilipoupokea kwa mara ya kwanza, Tokyo mwaka 2021, mashindano ya wanawake na wanaume yalianza pamoja. Paris mwaka 2024 wasichana wa Ujerumani waliifunga Hispania fainali 17 kwa 16. Pointi moja tu, kwenye goli moja, kama hilo la kwenu.

Kocha, hapa Mombasa ugomvi wetu ni faulo. Kila mtu anaita yake. Mchezaji anatolewa baada ya faulo ngapi? Na kuna rafiki yangu anasema tatu kwa tatu ni mchezo wa vichochoroni tu. — Msomaji, Mombasa

Rafiki yako mkumbushe kwamba Kenya ilipeleka timu ya wanaume na ya wanawake kwenye tatu kwa tatu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022.

Faulo: kwenye tatu kwa tatu mchezaji hatolewi kwa idadi ya faulo za kawaida. Tano za uwanja mzima hazipo. Timu ina watu wanne tu, watatu ndani na mmoja wa akiba, ukimtoa mtu mchezo unakufa. Kinachohesabiwa ni faulo za timu. Ya 7, ya 8 na ya 9, kila moja inawapa wapinzani mitupo huru miwili. Kuanzia ya 10 wanapewa miwili, na mpira unabaki kwao. Kabla ya hapo, ukimfanyia faulo anayeshuti ndani ya mstari anapata mtupo mmoja, nje ya mstari miwili. Faulo ya utovu wa uanamichezo ni habari nyingine: mchezaji akifanya mbili, anatoka.

Msipokuwa na refa, aite aliyefanyiwa, na aite papo hapo. Aliyesubiri aone kama mpira umeingia ndipo apige kelele, amechelewa. Mkishindwa kuelewana, rudisheni mpira kwa cheki na muendelee. Lakini wekeni mtu pembeni ahesabu faulo za timu kwa vijiti au mawe. Tangu tuanze kufanya hivyo kwetu, mikono imepungua uzito, kwa sababu wenzako wanakuona unavyoipeleka timu kwenye ya 7.

Mchezo ukiisha sare? — Iringa

Rasmi: dakika za nyongeza hazina kikomo, timu ya kwanza kupata pointi 2 ndani yake imeshinda. Fainali ya wanaume Paris, Uholanzi na Ufaransa walimaliza 16 kwa 16. Ufaransa wakatangulia kwa pointi moja, kisha Worthy de Jong wa Uholanzi akashuti kutoka mbali. 18 kwa 17, dhahabu. Ile desturi ya mtaani ya kushinda kwa tofauti ya pointi mbili inaleta mechi zisizoisha wakati wenzenu wamekaa wanasubiri. Siipendi.

Wawili wakishikilia mpira pamoja unarushwa? — Ilala

Hapana. Unakwenda kwa waliokuwa wanazuia.

Nani anaanza? — Songea

Sarafu. Anayeshinda anachagua achukue mpira sasa, au auweke akiba kwa dakika za nyongeza. Wengi wanauchukua sasa.

Kocha anaruhusiwa kuelekeza kutoka pembeni? — Arusha

Haruhusiwi, hata akiwa jukwaani. Wachezaji wanaamua wenyewe: nani apumzike, lini waombe sekunde 30 zao za mapumziko, wafanye nini sekunde zikibaki 4 kati ya 12 za kushuti. Mara ya kwanza nilipowachezesha wanangu hivyo nilifunga mdomo dakika 10 nzima, na yule wa darasa la sita ndiye aliyeita mapumziko, kwa wakati wake hasa.

Shikamoo Kocha. Nina mpira na goli, ila mara nyingi niko peke yangu au na mdogo wangu tu. Kuna mchezo? — Kigoma

Marahaba. Ipo mingi. Mkiwa wawili chezeni TWIGA: wa kwanza anashuti kwa namna yoyote, mguu mmoja, mkono wa kushoto, nyuma ya ubao. Akiingiza, mwenzake lazima aige vilevile. Akikosa anapata T. Anayefikisha herufi zote tano ameshindwa. Mkubwa wewe usitumie nguvu, tumia ufundi, mpe mdogo wako mipira anayoweza kuifikia.

Ukiwa peke yako, weka mawe saba kuzunguka goli, kutoka kona moja hadi nyingine, hatua nne kutoka kwenye pete. Anza jiwe la kwanza. Ukiingiza unasogea, ukikosa unabaki hapohapo mpaka uingize. Ukimaliza la saba rudi ulikotoka. Hesabu umeshuti mara ngapi kwenda na kurudi, andika nyuma ya daftari pamoja na tarehe, na baada ya wiki tatu niletee hizo namba.